KUHARA NA UTAPIAMLO: MAADUI WAWILI WANAOSHIKANA MIKONO

Somo kwa wazazi na walezi wote wenye watoto chini ya miaka 5



Somo letu la leo linahusu magonjwa mawili ambayo kila mmoja wetu ameyaona kwa macho yake, lakini wengi tunayachukua kama mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuhara. La pili ni utapiamlo, yaani hali ya mwili wa mtoto kukosa chakula unachohitaji. Mtoto akihara tunasema, "Ni tumbo tu, litapita." Mtoto akikonda tunasema, "Ni mgao umepungua." Maneno hayo yanaweza kuwa na ukweli ndani yake. Lakini yanatuficha jambo moja kubwa: kila ugonjwa kati ya hayo mawili humfungulia mwenzake mlango.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kuwa kuhara huua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inaweza kuzuiwa kwa vitu ambavyo mzazi wa kambini anaweza kuvipata na kazi ambayo anaweza kuifanya kwa mikono yake. Ndiyo maana tunaomba usome somo hili hadi mwisho. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

KAMBI INAFANANA NA MTAA WA MJI

Wengi wetu tulikaa Uvira, Bukavu, Goma au Baraka kabla ya kukimbilia hapa Burundi. Aliyekaa Kadutu kule Bukavu au Birere kule Goma anajua mtaa uliobanana ulivyo: nyumba inagusana na nyumba, choo kimoja kinatumiwa na familia nyingi, bomba moja lina foleni ya mabidoni, na maji machafu yanapita mbele ya mlango. Wengine mmetoka vijijini, ambako jirani alikuwa mbali na nafasi ilikuwa kubwa.

Kambi, hata ikiwa katikati ya mashamba na milima, inafanana na ule mtaa wa mji. Watu ni wengi mahali padogo. Kinyesi cha mtoto mmoja kilichoachwa nyuma ya nyumba kinaweza kufika katika sahani ya mtoto wa nyumba ya tatu kwa miguu ya inzi, kwa maji ya mvua, au kwa mikono ya watoto wanaocheza pamoja. Kwa hiyo mtu hawezi kusema, "Mimi nyumba yangu ni safi, inatosha." Hapa afya ya mtoto wako iko pia katika mikono ya jirani yako, na ya mtoto wake iko katika mikono yako.

KUHARA NI NINI?

Tunasema mtoto anahara akipata choo chepesi kama maji mara 3 au zaidi kwa siku moja. Mtoto mchanga anayenyonya tu huweza kupata choo laini mara nyingi, na hiyo ni kawaida yake. Mama ndiye anayejua kawaida ya mtoto wake. Choo kikibadilika ghafla kikawa cha maji na cha mara kwa mara, hiyo ni kuhara.

Kuna kuhara kwa aina tatu, na kila moja ina hatari yake:

1. Kuhara maji kwa ghafla. Hatari yake ni kukauka kwa mwili. Kipindupindu kimo katika kundi hili, na choo chake hufanana na maji yaliyooshea mchele.

2. Kuhara damu. Hapa utumbo umejeruhiwa. Mtoto huyu anahitaji dawa ya kituoni.

3. Kuhara kunakodumu siku 14 au zaidi. Huyu mara nyingi ni mtoto ambaye utapiamlo umekwisha kumwingia, au uko karibu kumwingia.

Mwili wa mtoto mdogo ni maji kwa karibu sehemu 7 kati ya 10. Mtoto mwenye kilo 10 akipoteza kilo moja ya maji, maisha yake yako hatarini. Kwa kuhara kukali anaweza kufika hapo ndani ya siku moja. Mtu mzima ana akiba, mtoto hana.

JINSI MAADUI HAWA WANAVYOSAIDIANA

Tufuate hatua kwa hatua.

Mtoto akihara, chakula kinapita haraka bila kufyonzwa vizuri. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyochukua chakula na kukiingiza katika damu. Kuhara huviharibu. Pia mtoto hupoteza hamu ya kula, na wakati huo huo mwili wake unahitaji nguvu nyingi zaidi ili kupigana na ugonjwa. Mara nyingi sisi wazazi tunaongeza tatizo: tunamnyima chakula tukidhani tunapumzisha tumbo.

Baada ya siku chache kuhara kunaisha, lakini mtoto amepungua. Mwili uliopungua hauna askari wa kutosha. Vidudu vipya vikija, na katika mtaa uliobanana havikawii kuja, mtoto huyu anahara tena kabla hajarudisha uzito. Safari hii anahara zaidi na kwa siku nyingi zaidi, kwa sababu utumbo wake haukupata chakula cha kujirekebisha. Anapungua tena. Hivyo gurudumu linazunguka, na kila likizunguka mtoto anashuka ngazi moja.

Madaktari waliounganisha utafiti wa miaka 20 kutoka nchi kadhaa, zikiwemo Bangladesh, Brazil na Peru, walionyesha mwaka 2008 kuwa kila mara mtoto anapohara kabla ya kutimiza miaka 2, hatari ya kudumaa, yaani kubaki mfupi kuliko umri wake, inaongezeka. Kwa hiyo hata mtoto asiyekufa kwa kuhara anaweza kulipa deni lake kwa miaka mingi.

FUNZO LA GOMA, 1994

Wakubwa wetu wanakumbuka mwezi wa Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache tu. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi ngumu sana. Watu walichota maji ya ziwa. Kipindupindu kilianza, kisha ikafuata kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa.

Lakini kuna sehemu ya habari hiyo ambayo haisemwi mara nyingi. Wiki ya tatu na ya nne baada ya watu kufika, wapimaji waliwakuta watoto 18 hadi 23 kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka 5 wana utapiamlo. Walioumia zaidi walikuwa makundi mawili: watoto waliokuwa wameugua kuhara damu siku za karibuni, na watoto wa nyumba zinazoongozwa na mwanamke peke yake.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, ugonjwa wa tumbo uliwaangusha watoto katika utapiamlo kwa muda mfupi sana. Pili, mama aliye peke yake hawezi kuwa kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya chakula na kando ya mtoto mgonjwa kwa saa moja. Ukiona jirani wa namna hiyo ana mtoto anayehara, mchotee bidoni moja, au kaa na mtoto wakati anakwenda kituoni. Msaada huo ni tiba kama tiba nyingine.

TIBA YA KWANZA: MAJI YA SRO

Wengine wanaona SRO kama kitu kidogo. Mama mmoja wa mtaa wetu aliniambia, "Mdogo wangu, nimepanga mstari tangu asubuhi, nimepewa unga wa chumvi tu, dawa hawakunipa." Nilimwelewa. Lakini mama huyo alikuwa ameshika dawa mkononi, na dawa hiyo ilionyesha nguvu zake katika kambi ya wakimbizi kama sisi.

Mwaka 1971 vita ya kuzaliwa kwa Bangladesh iliwafukuza mamilioni ya watu kuingia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliona wagonjwa wamelala hadi chini sakafuni, na maji ya kutundika mshipani yanakwisha. Karibu wagonjwa 30 kati ya 100 walikuwa wanakufa. Akaamua kuchanganya maji, chumvi, sukari na magadi maalum, akayaweka katika mapipa yenye bomba, na kuwaambia ndugu wa wagonjwa wayachote na kuwanywesha wenyewe. Kwa wale waliotibiwa namna hiyo vifo vilishuka hadi chini ya 4 kati ya 100. Walioshika vikombe walikuwa akina mama, akina baba, dada na kaka za wagonjwa.

Kwa nini inafanya kazi? Utumbo unaohara unashindwa kufyonza maji matupu vizuri. Lakini ndani yake kuna mlango mmoja unaobaki wazi, na mlango huo hupitisha sukari na chumvi zikiwa pamoja. Zikipita, maji yanazifuata. Ndiyo maana vipimo ni lazima viwe sawa. Sukari ikizidi, inavuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni na kuhara kunaongezeka. Kwa sababu hiyo soda na juisi za dukani hazifai kwa mtoto anayehara. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

Namna ya kutengeneza paketi ya SRO:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Pima lita 1 ya maji safi. Chupa mbili za nusu lita ni lita 1. Angalia: chupa kubwa ya bia ni sentilita 72, haifiki lita.

3. Mimina paketi yote. Usigawanye paketi mara mbili.

4. Koroga, funika, na utumie ndani ya saa 24. Yakibaki, yamwage na utengeneze mapya.

Kama huna paketi, na kituo kimefungwa usiku, tengeneza hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya mlima. Onja kabla ya kumpa mtoto: yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya. Asubuhi nenda ukachukue paketi, kwa sababu paketi ina vitu ambavyo chumvi na sukari ya nyumbani havina.

Kiasi cha kumpa kila baada ya choo cha maji:

- Mtoto chini ya miaka 2: robo hadi nusu ya kikombe cha chai (mililita 50 hadi 100).

- Mtoto wa miaka 2 na zaidi: nusu hadi kikombe kizima (mililita 100 hadi 200).

Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, si kwa chupa ya chuchu. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi, kijiko kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba.

ONYO: Mtoto ambaye tayari ana utapiamlo mkali, yaani aliyekonda sana au aliyevimba miguu, akianza kuhara usikae naye nyumbani kujaribu. Endelea kumnyonyesha na umpeleke kituoni mara moja. Mwili wake hauwezi kubeba chumvi kama wa mtoto mwingine, na wauguzi wana maji mengine ya pekee kwa ajili yake.

TIBA YA PILI: VIDONGE VYA ZINKI

Kuhara kunamwaga zinki iliyo mwilini, na zinki ndiyo inayosaidia utumbo kujirekebisha na mwili kupigana na vidudu. Tangu mwaka 2004 OMS na UNICEF zinashauri kila mtoto anayehara apewe zinki pamoja na SRO.

Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, yaani kidonge kizima cha 20. Mtoto chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, yaani nusu. Kidonge huyeyushwa katika kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa ya mama. Dawa hii hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu. Wengi huacha hapo, na vidonge vinabaki juu ya kabati. Siku zinazobaki zinamsaidia mtoto kumaliza ugonjwa na kumkinga asihare tena katika miezi inayofuata. Zikiachwa, gurudumu linapata nafasi ya kuzunguka tena.

TIBA YA TATU: CHAKULA

Mtoto anayehara ale. Hili tunalirudia kwa sababu ndipo wengi tunapokosea.

- Mtoto chini ya miezi 6: anyonye tu, mara nyingi zaidi kuliko siku nyingine, mchana na usiku. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya sehemu 8 kati ya 10. Hata katika siku za jua kali mtoto huyu hahitaji maji mengine. Akihara anaweza kupewa SRO juu ya maziwa.

- Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2: anyonye, na ale chakula laini mara nyingi, kidogo kidogo. Uji mwepesi kama maji unajaza tumbo bila kujenga mwili. Ufanye uwe mzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko. Ongeza unga wa karanga au wa soya, mafuta ya mawese kijiko kimoja, au ndagala waliokaushwa na kusagwa. Sombe iliyopikwa vizuri na kupondwa laini na karanga, maharage yaliyotolewa maganda, ndizi mbivu, parachichi: vyote vinafaa.

- Baada ya kupona: mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili angalau. Huu ndio wakati hamu ya kula inarudi na mwili unarudisha kilichopotea.

Tunajua mgao ni mdogo, na kuna siku sufuria haijai. Kwa hiyo tunaomba jambo moja ndani ya uwezo wa kila nyumba: mtoto mdogo awe na sahani yake mwenyewe. Watoto wakila pamoja sahani moja, aliye mdogo na aliyetoka kuugua ndiye anayeachwa nyuma. Na akina baba, desturi ya kumwekea baba samaki wote tuiangalie upya. Ndagala watatu katika uji wa mtoto aliyetoka kuhara wana kazi kubwa kuliko katika sahani ya mtu mzima.

BWAKI SI UCHAWI

Kwetu Kivu tunaita bwaki ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na uso, nywele kuwa nyekundu na kung'oka bila maumivu, ngozi kubanduka, na mtoto kukaa kimya bila furaha. Wengine husema amerogwa, au kwamba wazazi wamevunja mwiko. Wapo akina mama wanaomficha mtoto ndani kwa aibu hadi dakika ya mwisho.

Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huu mwaka 1933 huko Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Baadaye aliuita kwa jina ambalo watu wa huko walikuwa nalo, kwashiorkor, ambalo ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye titi mdogo wake anapozaliwa. Wazee wa kule walikuwa wamekwisha kuona kuwa mtoto aliyekatishwa maziwa bila kupewa chakula bora ndiye anayeugua. Basi mama, hakuna wa kukuhukumu. Mlete mtoto mapema.

Sisi wahudumu wa afya tunapita nyumba kwa nyumba na utepe wa rangi tatu wa kupima mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Maana ya rangi ni hii:

- Kijani, milimita 125 na zaidi: mtoto yuko vizuri. Endelea hivyo.

- Njano, milimita 115 hadi chini ya 125: utapiamlo wa wastani. Aandikishwe katika mpango wa lishe.

- Nyekundu, chini ya milimita 115: utapiamlo mkali. Aende kituoni leo.

Angalia pia miguu. Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu polepole sekunde tatu, kisha uachie. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, hiyo ni bwaki, hata kama utepe unaonyesha kijani na mtoto anaonekana mnene.

Mtoto wa utapiamlo mkali mwenye hamu ya kula hupewa paketi za Plumpy'Nut. Kila paketi ina gramu 92 na nguvu ya kilokalori 500. Hiyo ni dawa ya mtoto mmoja. Najua ni vigumu kumpa mmoja wakati wadogo na wakubwa zake wanatazama. Lakini paketi ikigawanywa kwa watatu, hakuna anayeshiba, na mgonjwa haponi. Mpe akiwa peke yake, kabla ya chakula kingine, na maji safi ya kunywa kando.

MAJI, CHOO NA MIKONO

Watu wa Uvira wanajua siku ambazo bomba linakauka na watu wanashuka ziwani na mitoni na mabidoni. Watafiti walifuatilia hesabu za mji huo kuanzia 2009 hadi 2014. Waliona kuwa maji ya bomba yakikatika kabisa, wagonjwa wanaolazwa kwa dalili za kipindupindu katika siku 12 zinazofuata waliongezeka zaidi ya mara mbili. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Ziwa halikubadilika. Kilichobadilika ni mahali watu walipochota. Kwa hiyo bomba la mtaa likiharibika, liambie kamati ya maji siku hiyo hiyo, na usirudi mtoni kimya kimya.

Hata maji safi ya bomba huweza kuchafuka nyumbani. Katika kambi moja ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, mwaka 1993, familia kadhaa zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo mwembamba wa kumiminia, ambazo mkono hauwezi kuingia. Watoto wadogo wa familia hizo walihara pungufu kwa karibu theluthi moja. Maji yalikuwa yale yale, ila mikono haikuingia. Basi:

- Osha bidoni kabla ya kuchota, na ulifunike.

- Mimina maji, usichovye kikombe chenye mikono ndani.

- Maji ya mtoni yachemshe hadi yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kufuata kipimo cha paketi na kusubiri dakika 30.

- Kinyesi cha mtoto mchanga kina vidudu kama cha mkubwa. Kitupe chooni.

- Nawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kulisha na kabla ya kula.

Katika mitaa maskini ya Karachi nchini Pakistan, familia zilizopewa sabuni na kufundishwa kunawa zilipunguza kuhara kwa watoto wao kwa nusu. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2005. Mitaa yao ilibaki vile vile, bila mifereji mipya. Sabuni ya mgao ina thamani kuliko bei yake sokoni.

Usisahau chanjo ya rotavirusi. Ni matone ya mdomoni anayopewa mtoto katika miezi ya kwanza, na inakinga kuhara kukali. Burundi ilianza kuitoa mwaka 2013 na Kongo mwaka 2019.

MANENO TUNAYOSIKIA MITAANI

"Akinywa SRO anahara zaidi." SRO haifungi choo. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini wakati ugonjwa unapita. Mtoto anayeendelea kuhara lakini anakojoa, ana machozi na anacheza, huyo SRO inamlinda.

"Kwa nini hawakunipa antibiotiki?" Kuhara maji kwa kawaida hakuponi kwa antibiotiki. Dawa hizo ni za kuhara damu, kipindupindu na hali chache ambazo muuguzi anazijua. Vidonge vya kufunga tumbo havifai kabisa kwa mtoto mdogo.

"Mzee fulani anajua kukata kilimi na kung'oa meno yanayoleta kuhara." Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini kisu kinamwongezea mtoto jeraha na kutoka damu, na kuhara kunabaki. Kumpiga mtoto bomba la majani nako kunamkausha zaidi. Wazee wanaoaminiwa na watu wangetusaidia sana kama wangemwambia kila mama anayewajia, "Anza na SRO, kisha nenda kituoni."

DALILI ZA HATARI: NENDA KITUONI MARA MOJA, HATA USIKU

1. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu.

2. Amelegea, haamki, au amepata degedege.

3. Macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.

4. Kuna damu katika choo.

5. Choo ni kama maji ya mchele na ni kingi sana.

6. Ana homa kali, au kuhara kumefika siku 14.

7. Amevimba miguu yote miwili, au utepe ni nyekundu.

Njiani endelea kumnyonyesha. Kama hana utapiamlo mkali na anaweza kumeza, endelea pia kumpa SRO kwa kijiko.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto aliyepona kuhara anahitaji mlo wa ziada kwa wiki mbili?

2. Lita 1 utaipimaje kwa vyombo vilivyo nyumbani mwako?

3. Zinki hutolewa kwa siku ngapi, na kwa nini isiachwe kuhara kukikoma?

4. Utajuaje bwaki kwa kidole chako?

5. Katika safu yenu ya nyumba, ni nani analea watoto peke yake, na mtamsaidia vipi mmoja wao akiugua?

Swali la tano lisiishie katika mazungumzo. Leo jioni, kabla ya giza, mpitieni mama huyo na mumwambie mlango wa kugonga ni upi usiku mtoto akiugua. Na kama nyumbani mwako hakuna paketi mbili za SRO za akiba, mwombe mhudumu wa afya wa mtaa wako atakapopita. Kinga ni bora kuliko tiba, na tiba ya mapema ni bora kuliko kuchelewa.